Keki ya nyumbani kwa anayeanza hapa Dodoma: kabla hujanunua nozo za kuchorea krimu, ujue moto wako kwanza

Mpishi wa Kisasa (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wana jamvi.

Naulizwa swali lile lile kila mara na dada zangu wa hapa mjini, na kaka wachache pia: "Nimefuata video mwanzo mwisho, keki ikapanda vizuri, nilipoitoa ikazama katikati." Kujibu mmoja mmoja kunachosha. Naliweka hapa jamvini, anayetaka kuuliza aulize, na wazoefu mkiona nimepotoka mseme.

Mapishi mengi tunayoyaona mitandaoni yamejaribiwa na watu walio usawa wa bahari au karibu nao. Dodoma tuko juu, kama mita 1,120. Hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kwenye ugali huwezi kugundua, lakini keki inajua. Gesi ya beking pauda inatanuka kwa nguvu zaidi, keki inainuka mbio kabla mayai na unga havijashika, halafu ikikosa wa kuishikilia inakaa chini. Ndiyo maana shangazi yako wa Temeke, kule Dar, akikupa vipimo vyake, kwake vinatoka na kwako vinagoma, na hakuna aliyekunyima siri.

Marekebisho yenyewe ni madogo. Kila kijiko cha chai cha beking pauda kipunguze kwa robo. Sukari toa kijiko kimoja cha chakula kwenye kila kikombe. Maziwa ongeza kijiko kimoja au viwili. Moto uwe juu kidogo: kama pishi linasema 170, wewe weka 180. Walioko Njombe au Mbeya wanahitaji kubadilisha zaidi ya hapo, sisi hatujafika huko.

Jambo la pili ni ukavu. Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba hewa yetu inanyonya unyevu kwenye kila kitu, midomo yenu shahidi. Unga ulioachwa wazi unakuwa mkavu na unakunywa maziwa mengi kuliko pishi lilivyosema. Keki iliyokatwa asubuhi, jioni kingo zimeshakuwa ngumu. Kwa hiyo kwa anayeanza hapa Dodoma ushauri wangu ni huu, na najua kuna watakaopinga: anza na keki ya mafuta, siyo ya siagi. Siagi ikipoa inaganda na keki inakazana. Mafuta yanabaki majimaji, keki inakaa laini siku mbili tatu. Halafu tumezungukwa na alizeti, Singida hapo na sisi wenyewe tunalima. Tafuta yaliyosafishwa tu, yale ya kukamua mtaani yana harufu itakayoshinda vanila yako.

Kipimo cha kuanzia, kwa chombo cha inchi 8:

Unga wa ngano robo kilo (kama huna mizani ni vikombe viwili hivi), sukari kikombe kimoja kasoro kijiko, mafuta nusu kikombe, maziwa kikombe kimoja na kijiko, mayai mawili ya kisasa, beking pauda vijiko vya chai viwili kasoro nusu, chumvi kidogo, vanila kijiko cha chai.

Piga mayai na sukari mpaka rangi ipauke na yawe mazito. Mafuta yaingie taratibu huku unapiga. Unga uchekeche pamoja na beking pauda, uingize kwa awamu ukipokezana na maziwa, na hapo ndipo uache nguvu zako. Ukishaona unga mkavu hauonekani, koma. Kuendelea kukoroga kunaufanya unga wa ngano uvutike, na utakula mkate mtamu badala ya keki. Ingiza kwenye moto uliokwisha kuwa tayari, usifungue mlango dakika 25 za kwanza hata kama mwenye nyumba anagonga. Baada ya dakika 35 hivi choma kijiti cha mshikaki katikati. Kikitoka kikavu, epua.

Mapambo nitakuja nayo chini. Kwa sasa kama hujaweza kutoa keki hii ikiwa sawa juu na laini ndani mara kadhaa mfululizo, hela ya nozo na rangi iweke kwanza.

---

Mnyonge wa Nkuhungu

Natia nanga hapa. Mke wangu kanunua nozo boksi zima, keki bado inatoka kama tofali la Chamwino. Namuonyesha uzi huu kwa tahadhari.

---

Mkaa Mweusi

Mkuu, umeandika vizuri ila umeandika kwa wenye oveni. Huku Chang'ombe wengi tunapalia, yaani tunaoka kwenye sufuria, makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Mimi nimelelewa na keki ya kupalia na hakuna ya oveni iliyowahi kuizidi ladha. Acha niwasaidie wenzangu.

Tafuta sufuria kubwa nzito, siyo hizi nyepesi zinazopinda ukizishika. Chini mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, juu ya mchanga weka mawe madogo matatu au mkeka wa waya ili chombo cha keki kisigusane na chini. Funika, bandika jikoni, ipate moto dakika 15 kabla hujaingiza keki. Wengi wanakosea hapa, wanaingiza keki kwenye sufuria baridi halafu wanalalamika beking pauda feki.

Keki ikishaingia, punguza makaa ya chini yabaki machache, mengi yaende juu ya mfuniko. Theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Joto la chini linachoma haraka kuliko la juu. Chombo chenyewe kitandikie karatasi ya kaki uliyoipaka mafuta, chini na pembeni. Mfuniko uwe bapa, wa bati, usio na kishikio cha plastiki (najua inachekesha lakini yametokea).

Sasa upepo. Julai na Agosti hapa upepo unavuma mpaka unakuhamisha. Ukiweka jiko uani bila kinga, upande mmoja makaa yanawaka, mwingine yanazima, keki inapanda mshazari. Egemeza bati au simamisha matofali upande upepo unakotoka. Na usije ukaingiza jiko la mkaa chumbani eti kukwepa upepo, moshi wake usioonekana unaua.

Kujua kama joto limefika bila kipimajoto: mwaga unga kidogo kwenye kifuniko cha bati, uingize kwenye sufuria dakika tano. Ukiwa rangi ya kahawia hafifu, twende kazi. Ukiwa mweusi, toa makaa.

---

Fundi Gesi

Mkaa Mweusi umetisha. Ila serikali ina mkakati wa nishati safi wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, wewe unafundisha watu kupalia mchana kweupe 😂

Kwa wa gesi: sufuria ile ile na mchanga ule ule vinafanya kazi kwenye jiko la mtungi, moto mdogo kabisa. Tatizo ni kwamba juu hapaivi rangi kwa sababu hakuna joto la juu. Keki inaiva lakini inabaki imepauka. Ukiwa unaipamba haina shida, inafunikwa. Ukitaka kuila kavu na chai, ndiyo utatamani mkaa.

---

Mkaa Mweusi

Fundi Gesi, niletee mtungi na mimi nitaacha leo hii.

---

Mama Ubarikio

Dada Mpishi, shikamoo kama umenizidi. Mimi mayai yangu ni ya kienyeji, nafuga mwenyewe. Umesema mayai mawili ya kisasa. Nitumie mangapi?

---

Mpishi wa Kisasa

Marahaba mama, ingawa nahisi shikamoo ni yako 😊

Yai la kisasa la ukubwa wa kati likishavunjwa linatoa kama gramu 50. La kienyeji mara nyingi ni dogo, linaweza kuwa 35 au 40. Kwa hiyo badala ya mawili tumia matatu madogo, ukipima jumla ikaribie gramu 100. Kiini chake nacho kina rangi, keki itatoka ya njano nzuri bila kuweka rangi ya duka. Kama yanatoka kwenye friji yatoe mapema, yai baridi likikutana na siagi linaikatisha, mchanganyiko unakuwa mabonge mabonge.

Na tukiwa kwenye vipimo: mizani ndogo ya jikoni ndiyo kifaa cha kwanza kununua, kabla ya mashine ya kupigia. Kikombe chako na kikombe cha mwenye video si kimoja. Ukiwa huna, muuza duka anapima robo na nusu kilo, mwambie akutenganishie kabisa kwenye vifuko.

---

Mwanachuo Mwenye Njaa

Sisi wa UDOM tunaotumia jiko la umeme la koili moja chumbani (msimwambie mlezi) kuna tumaini?

---

Fundi Gesi

Tumaini lipo kwa anayeuza keki getini. Nenda kanunue.

---

Mpishi wa Kisasa

Turudi kwenye kazi. Sasa mapambo, maana PM zimejaa.

Keki ipoe kabisa. Siyo "imepoa pembeni", ipoe mpaka katikati, bora ilale usiku mzima imefungwa vizuri kwenye nailoni. Hapa kwetu kuiacha wazi ipoe ni kuikausha na kuipaka vumbi kwa pamoja. Asubuhi kata kile kichuguu cha juu kwa kisu chenye meno ili iwe bapa. Mabaki wape watoto, ndiyo mshahara wao.

Chemsha sukari na maji kiasi sawa mpaka iyeyuke, iache ipoe, tia vanila. Paka kwa brashi kwenye kila pande iliyokatwa. Kwa hali ya hewa ya Dodoma hili kwangu ni lazima, hasa keki ikikaa siku mbili kabla ya sherehe.

Halafu koti la kwanza. Unapaka krimu nyembamba sana keki nzima, kazi yake ni kukamata chembe tu, hata ikionekana chafu ni sawa. Weka kwenye friji nusu saa au sehemu yenye ubaridi mpaka ishike. Ndipo unapaka koti la pili, ambalo chembe hazitokei. Wanaoanza wanaruka hatua hii, kisha wanaongeza krimu na kuongeza krimu kuficha chembe, mwisho keki ina krimu kilo mbili na haijanyooka.

Meza ya kuzungusha inasaidia sana, na kisu bapa kirefu. Kisu kisimame wima, hakitembei, inayozunguka ni keki. Ukizungusha mkono wako kuizunguka keki utachora mawimbi mpaka kesho.

Krimu ipi? Hapa ndipo Oktoba na Novemba zinapotutenganisha. Mchana joto linapita nyuzi 30, na siagi halisi inaanza kulegea kabla ya hapo. Ikifika 32 mpaka 35 inakuwa mafuta. Krimu ya siagi tupu utaipamba saa nne, saa nane maua yameinama. Mimi nachanganya: nusu majarini, nusu mafuta magumu meupe ya kupikia, halafu sukari ya aisingi (ile iliyosagwa laini kama unga) mara mbili ya uzito wa mafuta hayo. Gramu 250 za mafuta, nusu kilo ya aisingi. Piga mafuta peke yake kwanza mpaka yawe meupe, sukari iingie kidogo kidogo, kijiko kimoja au viwili vya maziwa mwishoni.

Aisingi ikikosekana dukani au bei ikikushinda, saga sukari ya kawaida kavu kwenye blenda, kila kikombe na kijiko cha konflawa, kisha chekecha kwa kitambaa laini. Haitakuwa laini kama ya dukani, kwenye ulimi utasikia chenga kidogo. Au fanya krimu ya unga: pika vijiko vitano vya chakula vya unga wa ngano na kikombe cha maziwa mpaka iwe kama uji mzito, ipoe kabisa, kisha ipigie kwenye gramu 250 za majarini uliyokwisha kuipiga na kikombe cha sukari ya kawaida. Ni laini, haina utamu wa kuchoma koo, na wazee wanaipenda. Kwa maua yaliyosimama siyo imara sana, kwa kupaka na kujaza katikati iko vizuri.

---

Bibi Harusi Mtarajiwa

Mbona hujataja krimu ya poda, ile ya kifuko ya kupiga na maji baridi? Mafundi wote mjini wanaitumia, nyeupe pee.

---

Mpishi wa Kisasa

Wanaitumia kwa sababu ni nyepesi, nyeupe, na kifuko kimoja kinatoka kingi. Siikatai. Masharti yake ni ubaridi: maji au maziwa yawe karibu kuganda, bakuli nalo likae friji. Umeme ukikatika katikati ya kazi ujue uko kwenye mbio. Kwa anayeanza asiye na friji ya uhakika, majarini na mafuta magumu vinasamehe zaidi.

Fondanti, lile donge la sukari unalolisukuma kama chapati na kuifunika keki, nayo iko hivyo, ina tabia ya mahali. Pwani inatoa jasho na kunata. Hapa inakauka na kupasuka ukiwa bado unaisukuma. Ikande na mafuta magumu kidogo, ile usiyoitumia ifunge mara moja, na fanya haraka. Faida yetu iko kwenye maua ya aisingi ya ute wa yai: unachora juu ya karatasi ya nailoni, yanakauka na kuwa magumu upesi kuliko ya mtu wa Tanga. Unaweza kuyatengeneza wiki nzima kabla na kuyatunza kwenye kopo kavu.

Nozo kwa kuanzia chukua mbili: ya nyota iliyo wazi na ya duara ndogo ya kuandikia. Ya nyota inakupa ua, ganda na ukingo, inategemea tu unavyozungusha mkono. Fanyia mazoezi juu ya sinia, ukimaliza kusanya krimu irudi kwenye mfuko, haipotei. Jina la mtu liandike kwanza kwenye karatasi na ulihesabu herufi. "Hongera" imeliza wengi.

---

Mtu wa Manyoni

Kwani ndafu siyo keki? Mimi harusini nasubiri ile keki yenye pembe na majani mdomoni, hizi za krimu nawaachia nyie.

---

Mama Ubarikio

Mtu wa Manyoni acha utani 😂 Mimi nauliza zabibu. Tunazo huku Hombolo, nimeona watu wanaweka juu ya keki.

---

Mpishi wa Kisasa

Msimu wa mavuno ni mara mbili kwa mwaka, kuanzia Februari na tena kuanzia Agosti, hivyo zipo mbichi na zipo kavu. Mbichi zioshe na uzikaushe kabisa kwa kitambaa, kila moja, ndipo uziweke juu ya krimu, tena dakika za mwisho. Tone moja la maji likichanganyika na krimu linaacha doa linalotambaa. Zabibu zetu nyingi ni za mvinyo, zina kokwa na ngozi ngumu, kwa hiyo kwa watoto zipasue utoe kokwa.

Kavu ndizo ninazozipenda zaidi, ndani ya keki. Ziloweke kwenye maji ya moto au chai ya rangi robo saa, chuja, kausha, zipakaze unga kijiko kimoja ndipo uchanganye. Zikizama chini hata hivyo, mchanganyiko wako ulikuwa mwepesi mno. Punguza maziwa kidogo. Na kuna kitu watu hawakijaribu: unga wa ubuyu mweupe, uliochekechwa vizuri, kijiko kimoja au viwili kwenye krimu. Uchachu wake unakata ule utamu wa aisingi. Wageni wangu kutoka Dar wanauliza nimeweka limao gani.

---

Kijana wa Ihumwa

Dada mimi nataka kufanya biashara. Watumishi wa serikali kule Mtumba wana sherehe kila Ijumaa. Nitaje bei gani?

---

Mpishi wa Kisasa

Bei ya mwenzako usiiige, hujui ananunua wapi. Andika kila kilichoingia: unga, mayai, mkaa au gesi, boksi, kibao cha chini, hata vanila kijiko kimoja. Kisha weka saa zako. Keki ya inchi 8 yenye maua inaweza kukula nusu siku, na hiyo nusu siku ina bei. Wengi wanaoanza wanalipwa gharama za unga tu na kujiita wajasiriamali. Malipo ya awali chukua nusu kabla hujavunja yai. Ndugu na jirani pia walipe nusu, hasa ndugu.

Ukianza kuuza kwa maduka au kufungasha kwa jina lako, nenda TBS, shirika la viwango, tangu 2019 usalama wa chakula uko kwao. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo, ingia uulize mafunzo, mlango uko wazi kwa wadogo.

Vifaa: vya kawaida vipo mjini, zunguka Majengo na maduka ya vifaa vya keki. Ukitaka jumla wengi wanakwenda Kariakoo, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 mtu anakwenda asubuhi na kurudi usiku. Piga hesabu ya nauli kwanza, nozo mbili hazihitaji treni.

---

Shemeji wa Kondoa

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nina keki ya ghorofa mbili ya kipaimara, inakwenda Kondoa Jumamosi. Barabara ni lami lakini matuta mnayajua. Inafikaje?

---

Mkaa Mweusi

Shemeji, kila ghorofa kwenye boksi lake, utaziunganisha ukifika. Boksi liwe saizi ya kibao cha keki kamili, chini tandika mpira mwembamba au kitambaa kibichi kilichokamuliwa lisiteleze. Liweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, siyo kwenye kiti maana kiti kimeinama, na siyo mapajani kwa mtu maana mapaja yana joto. Ondoka alfajiri kabla jua halijapanda.

---

Mpishi wa Kisasa

Ongeza hapo: ghorofa ya chini ichomeke vijiti vinne vya mianzi au mirija minene, uikate usawa wa keki, ndiyo itakayobeba ya juu. Bila hivyo hata ukifika salama, ya juu itazama ndani ya ya chini kabla padri hajamaliza sala. Na beba mfuko mmoja wa krimu ya ziada, nozo ya nyota na kisu bapa. Utavihitaji.

---

Shemeji wa Kondoa

Asanteni sana. Mirija ya soda inafaa?

---

Mpishi wa Kisasa

Ya karatasi hapana, inalowa. Ya plastiki minene sawa, weka sita.